Karori Elfu Nne za Jumapili

Watu wa rika langu wakisimulia walivyofungwa wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari ya Waingereza dhidi ya wapiganaji wa msituni, kila mmoja ana jambo la heshima la kusema. Huyu alikula kiapo, yule alipeleka risasi msituni, mwingine alimficha kaka yake kwenye ghala la viazi. Mimi nikiulizwa huomba kwanza chai iongezwe, maana nilifungwa kwa ajili ya keki. Tena keki yenyewe sikuila.

Nilikuwa mpishi wa memsahibu mmoja mjini Nyeri, mke wa afisa wa serikali. Nyumba yao ilikuwa ya mawe, upande wa juu wa mji, na dirisha la jiko lilitazama barabara iendayo Nanyuki. Kwa wamisheni nilisoma mpaka darasa la nne, nikajua kuandika namba vizuri kuliko maneno. Upishi nilifundishwa na mzee wa Endarasha aliyewapikia masetla wa Kizungu tangu kabla sijazaliwa. Mke wangu na watoto wetu wawili hawakuwa nami. Walikuwa wamehamishwa na kutiwa katika kijiji kipya nje ya Gatitu, kilichozungukwa na handaki lililosimikwa miti iliyochongwa, na lango moja tu la kuingilia. Nilikuwa napewa ruhusa ya kwenda kuwaona Jumatano moja, Jumatano inayofuata nabaki kazini.

Memsahibu alikuwa mwanamke mwema kwa kipimo cha siku zile, yaani hakunipiga. Shida yake ilikuwa gauni la kijani alilokuja nalo kutoka Ulaya, ambalo alitaka kulivaa kwenye dansi ya Krismasi. Alipolifikiria alilifikiria na kiuno alichokuja nacho, na kiuno hicho kilikuwa kimepotea zamani katikati ya kari ya Jumapili na pudini. Siku alipolijaribu nilikuwa jikoni nikimenya karoti, nikausikia mshono ukilia.

Basi dada yake akampelekea kwa posta kijitabu chembamba chenye orodha ya vyakula vyote vya Wazungu, na mbele ya kila chakula namba. Memsahibu aliniita, akaweka mizani ndogo juu ya meza, akanifundisha.

"Hii naitwa kalori," akasema.

"Karori," nikasema.

"Ndiyo. Kalori."

"Karori, memsahibu."

Tukakubaliana, kila mtu na herufi yake. Lugha yetu ya nyumbani haijawahi kuona haja ya kuwa na herufi mbili pale ambapo r inatosha. Na karori kwetu ni lori dogo. Kwa hiyo nilielewa papo hapo, bila taabu. Kila chakula kinakuja na malori yake madogo yaliyobeba mafuta. Ukikila, malori yanaingia tumboni, yanashusha mzigo kiunoni, na anayetaka kupungua hana budi kupunguza magari. Nilipomwambia memsahibu kwamba yai lina magari machache lakini siagi ni msafara mzima, alifurahi, akasema mimi ni mtu wa akili. Hakujua ninasema nini, nami sikujua anasema nini, na kazi ikaendelea vizuri sana.

Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa alikula kama mtawa: yai la kuchemsha, nyanya moja, mkate mkavu uliopimwa, na chai bila sukari ambayo aliinywa akitazama dirishani kama mtu anayesubiri barua. Namba alizitia mwenyewe katika daftari lenye jalada gumu, akalilaza kando ya kitanda. Bwana alilisoma jioni na kumpongeza. Kila ukurasa ulisema elfu moja na mia moja, elfu moja na mia moja, siku zote, hata siku ambazo mimi na Mungu wangu tulijua vingine.

Maana Jumamosi na Jumapili zilikuwa sikukuu. Ndivyo alivyoziita. Jumamosi saa kumi walikuja wake wa maafisa kunywa chai, nami nikatoa keki ya tabaka mbili yenye krimu, na biskuti, na vitobosha vyenye jamu. Kila mmoja wa wanawake wale alikuwa anajipunguza. Walikula huku wakielezana jinsi walivyokuwa hawali. Jumapili mchana ilikuwa kari ya kondoo, wali, ndizi za kukaangwa, halafu pudini na kastadi, halafu, bwana akishalala usingizi wa mchana, memsahibu aliingia jikoni polepole kuangalia kama keki ya jana imeharibika. Haikuwa imeharibika hata siku moja. Aliihakikisha kipande baada ya kipande, amesimama, maana aliamini chakula kinacholiwa wima hakina uzito.

Hata hivyo alikuwa mtu wa dhamiri. Kijitabu cha dada yake kilisema siku ya karamu ndiyo siku ya kuhesabu zaidi, kwamba anayeacha kuandika ndiye aliyepotea. Akataka kutii. Ila mkono wake ulikataa.

"Mpishi," akaniambia, "mimi hapana weza kuandika hii. Wewe andika. Kuhesabu iko dawa."

Akanipa daftari la shule, tukalificha nyuma ya debe la unga. Masharti yalikuwa mawili. Niandike saa na namba tu, jina la chakula nisiliandike, ili hata mtu akiliokota asijue. Na bwana asilione. Kwa hiyo daftari langu lilisema hivi: Jumamosi, saa kumi, karori 1,900. Jumapili, saa saba, karori 2,200. Saa tisa, karori 800. Saa kumi na moja, karori 1,100. Jumla ya Jumapili hiyo ilikuwa elfu nne na mia moja. Jumatatu asubuhi memsahibu alikuja akaisoma kando ya jiko, akavuta pumzi, akasema yai la leo liwe dogo.

Nakiri kwamba nilianza kuipenda kazi ile. Nilifikia mahali nikitazama sahani naijua namba yake bila mizani. Na hilo ndilo lililoniharibia Jumatano zangu. Kule kijijini serikali nayo ilikuwa inawapunguza watu uzito, bila mizani na bila kijitabu cha posta. Wanawake walichimba handaki asubuhi mpaka alasiri, kisha wakafunguliwa lango saa moja tu kukimbilia mashambani kutafuta cha kupika. Mke wangu aliniwekea bakuli la uji mwepesi na majani ya kunde, nami nikajikuta nahesabu. Mia mbili. Mia mbili na ishirini. Nikamsukumia mtoto mdogo, nikasema nimekula kazini, na kwa kweli nilikuwa nimekula ugali wa wafanyakazi. Watoto walininusa mikono ya koti. Lilikuwa linanuka siagi.

Kuwabebea chochote haikuwezekana. Langoni tulipekuliwa mpaka ndani ya viatu. Mkate mmoja ukikutwa nao, ulikuwa ni wa watu wa msituni, hata ungeapa kwa kanisa lako lote, na aliyewalisha watu wa msituni alijua kamba ya kunyongea iko wapi. Mke wangu alilijua hilo, hakuniomba kitu. Alininusa tu kama watoto, halafu akageuka kuchochea moto. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, walisema wazee. Mimi nilikuwa katikati, nikiwajua wote wawili kwa namba.

Jumatano moja, wiki chache kabla ya Krismasi, memsahibu aliingia jikoni uso umemshuka. Maafisa wote walikuwa wameamriwa wakague majiko yao wenyewe, kwa kuwa ilisemekana chakula cha Wazungu kinavuja kuelekea msituni. Bwana angekagua siku hiyo hiyo.

"Kitabu hapana kaa hapa," akaninong'oneza. "Wewe chukua. Kesho rudisha."

Nikalitia mfuko wa ndani wa koti, nikaenda zangu Gatitu. Ndivyo mtu mzima mwenye akili timamu alivyotoka na daftari lile kwenda kwenye lango linalopekuliwa kuliko yote Nyeri. Sikufikiri hata kidogo. Nilikuwa nimezoea kuogopa mkate, si karatasi.

Mkubwa wa mahomgadi pale langoni, wale walinzi wa serikali waliotoka kwetu wenyewe, nilimjua. Tulikaa dawati moja kwa wamisheni mpaka aliposhindwa na hesabu ya mafungu akaondoka. Alilifungua daftari, akasoma kwa kidole.

"Karori elfu moja na mia tisa," akasema. Akanitazama. Akasoma tena. "Saa kumi. Saa saba. Saa tisa. Hizi karori umezihesabia wapi?"

"Jikoni," nikasema.

Dirisha la jiko letu, kila mtu alijua, linatazama barabara ambayo malori ya jeshi hupita kwenda Nanyuki. Ningesema nilizihesabia msituni isingekuwa mbaya zaidi. Akaniuliza ni nani aliyenituma kuhesabu, nikasema memsahibu. Akaniuliza memsahibu ana haja gani ya kuhesabiwa malori ya watu wake mwenyewe, nikamweleza kwamba hayo si malori ya barabarani, ni ya tumboni, kwamba keki moja peke yake ina karori elfu tatu. Hapo akanipiga kofi la kwanza. Naona hata leo kwamba lilikuwa kofi la haki kwa mtu aliyeambiwa keki imebeba malori elfu tatu. Yaliyofuata hayakuwa ya haki, nami sitayaeleza. Nikafungwa mikono, nikapitishwa mbele ya kijiji. Mke wangu alikuwa amesimama na jembe, akaniona.

Kwenye kambi ya kuchujia washukiwa niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Watu waliingia katika hema la afisa kupitia upande mmoja na kutokea upande mwingine, na walipotokea walipangwa katika mistari miwili, na mmoja kati ya mistari hiyo ulipanda gari ambalo halikurudi. Mkalimani alikuwa askari kutoka upande wa Kakamega, Mkristo mpole, akaniambia niseme ukweli tu. Nikausema. Akamtafsiria afisa kwamba huyu mtu anakubali amehesabu malori madogo madogo elfu nne siku ya Jumapili. Afisa, kijana wa Kizungu mwenye pua iliyobabuka jua, akasema hata Malkia hana malori elfu nne Nyeri. Mkalimani akasema labda alihesabu moja mara nyingi.

Ndipo nikakusanya ulimi wangu wote. Nilijua maisha yangu yamekaa juu ya herufi moja. Nikaufuata mdomo wa memsahibu kama nilivyokuwa nikiuona, nikasukuma ulimi mbele mpaka kwenye meno, nikasema, "Kalori. Ya chakula. Ya memsahibu yangu."

Afisa akainua kichwa. Nikaona kwamba ameelewa, kwa sababu alitazama daftari upya na mdomo wake ukaanza kucheka upande mmoja. Akauliza memsahibu yupi. Nikamtaja. Akaacha kucheka, maana bwana alikuwa mkubwa wake.

"Kama ni yake, yeye nakuja kusema," akaniambia. "Kama hapana yake, wewe nakwisha."

Alikuja siku ya pili mchana, amevaa glavu, na bwana yuko pembeni yake. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda yule mwanamke aliposhuka kwenye gari. Nilitamani kumpikia. Walizungumza Kiingereza, nacho Kiingereza changu cha jikoni kilitosha kufuata. Afisa akampa daftari, akamuuliza kwa heshima kama analijua. Memsahibu akasema ndiyo, ni kalori, alimfundisha mpishi wake mwenyewe. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, mkalimani akanikanyaga mguu ninyamaze.

Kisha afisa, nadhani kwa utani tu, akauliza, "Hii ya Jumapili, elfu nne na mia moja, ni ya mtu mmoja?"

Bwana akamgeukia mkewe. Alikuwa mtu aliyesoma elfu moja na mia moja kila jioni kwa miezi mitatu na kupongeza. Niliuona uso wa memsahibu ukiwa mwekundu kuanzia shingoni kupanda juu. Alinitazama mimi, akamtazama bwana, akalitazama gari lile la wasiorudi. Nilijua anachopima. Upande mmoja ulikuwa na mimi, upande wa pili ulikuwa na gauni la kijani.

"Oh, hapana," akasema. "Hicho ni alichokula yeye. Nilijua anaiba stoo, nikamwamuru aandike kila anachokula, nipate kujua ni kiasi gani."

Bwana akashusha pumzi. Afisa akacheka mpaka akafuta macho, akasema ameishi Afrika miaka minne lakini mwizi anayejiandikia mwenyewe hajapata kumwona. Halafu akanigeukia, na sasa hakuwa anacheka.

"Wewe nakula hii yote?"

Maji yalikuwa yamenifika shingoni, na palikuwa na milango miwili tu ya kutokea. Nikisema sikula, basi hakuna aliyekula, na kama hakuna aliyekula, karori zile ni malori. Mlango wa pili ulikuwa wizi, na wizi ni jela ya kawaida, mtu huingia akatoka. Memsahibu alikuwa anavifungua na kuvifunga vifungo vya glavu yake. Nilimchukia sana, na wakati huohuo nilijua amenipa uhai wangu, kwa njia aliyoona haimgharimu kitu.

"Ndiyo, bwana," nikasema. "Nilikula mimi."

Walinitazama wote. Suruali yangu ilikuwa imefungwa kwa kamba ya mkonge ili isianguke, na mbavu zangu ungeweza kuzihesabu pale uliposimama. Hakuna aliyeuliza mtu anayekula karori elfu nne kila Jumapili anazipeleka wapi. Nikapata miezi sita.

Jela nilipasua mawe. Wenzangu waliposikia kosa langu walinicheka siku mbili, na siku ya tatu wakaanza kuniuliza ile keki ilikuwaje. Walikuwa na njaa. Mwanzoni nilikataa, halafu nikawaeleza jinsi inavyopikwa, mayai mangapi, siagi unaisugua na sukari kwa muda gani, na mfugaji mmoja wa Doldol, ambaye hakuwahi kuona keki katika maisha yake, alinikatiza kila mara akitaka kujua mahali maziwa yanapoingia. Nilijua kila kitu cha ile keki isipokuwa utamu wake. Hilo nililitunga.

Lakini habari zangu zilikuwa zimefika nyumbani kabla yangu. Nilipotoka nilienda moja kwa moja kijijini. Mtoto mdogo alikuwa amevimba miguu na mashavu, na nusura nifurahi nikidhani amenenepa. Mke wangu akaniambia ni njaa hiyo, humvimbisha mtu kabla ya kummaliza. Alipona, namshukuru Mungu, masista wa misheni walimpa maziwa. Siku ile mama yake alinipa maji ya kunawa, akaketi mbele yangu, akaniuliza kama ni kweli nilikula vyakula vya memsahibu miezi mitatu mizima.

Nikamweleza yote, tangu gauni mpaka glavu. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza nilijisikia mwenyewe nilivyosema, pale, karibu na mtoto yule. Kwamba yuko mwanamke anayepima mkate kwa mizani ili ale kidogo. Kwamba huandika chakula kitabuni ili kisimwingie mwilini. Kwamba yeye hula keki, na mpishi hufungwa.

"Baba watoto," akasema, "kuiba sikulaumu. Mimi ningeiba. Na langoni najua usingepita na kitu. Lakini angalau ungekataa kula. Ungesema, watu wangu hawajala, na mimi sili."

Nikaapa. Nikaapa kwa mama yangu. Akasema nisiape, watoto wanasikia.

Imajensi ikaisha, vijiji vikavunjwa, tukajenga kwetu, tukapata watoto wengine watatu. Hatukuwahi kulala njaa tena. Lakini kila Krismasi, kila arusi, kila siku ambayo sufuria ilikuwa kubwa, mke wangu aliwapakulia wageni, akawapakulia watoto, na alipofika kwangu alisimama kidogo na upawa hewani. "Wewe ulishakula," alisema. Watoto walicheka, wageni walicheka, nami nilicheka. Halafu alinipakulia, na nilikuwa naijua namba ya kila alichonipa, na daima ilikuwa pungufu kidogo ya wengine. Miaka thelathini na zaidi. Niliacha kubisha. Ukweli wangu ulikuwa wa kijinga kuliko uongo wa memsahibu, na mtu hawezi kumlaumu mkewe kwa kuchagua ule ulioeleweka.

Alipougua mwaka wake wa mwisho nilimpikia mimi, nikamlisha uji kwa kijiko. Asubuhi moja alikunywa vijiko vitatu, akaushika mkono wangu, akaurudisha kwangu na kijiko chake.

"Kula na wewe," akasema.

Hakuwahi kuniambia hivyo tangu enzi zile. Nikamuuliza kama sasa ameniamini, juu ya ile keki. Akafikiri. Hakuwa mtu wa kusema jambo ili kumfurahisha mwenzake, hata akiwa mgonjwa.

"Hapana," akasema. "Nimekusamehe tu."

Nikala uji uliobaki, yeye akinitazama mpaka nilipomaliza.